Kijiji Kilichoutangulia Mji

Watu wa Dar es Salaam wana desturi ya kuitaja Kunduchi kwamba iko pembezoni mwa mji, na neno hilo limekaa midomoni hata likaonekana kuwa la haki. Mwenye kutoka Kariakoo hupanda daladala hadi Mwenge, hupanda nyingine iendayo Tegeta, hushuka Mtongani, kisha huishika njia iteremkayo baharini. Na kwa kuwa safari ni ndefu na vumbi ni jingi, husema moyoni kwamba amefika mwisho wa mji. Kwa hesabu ya maili hasemi uongo. Kwa hesabu ya miaka mambo ni kinyume. Sultani Majid wa Unguja alianza kuujenga mji wake karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, na alipofariki mwaka 1870 kazi iliachwa nusu. Wajerumani waliufanya makao ya serikali yao mwaka 1891. Msikiti wa mawe wa Kunduchi, ambao leo ni gofu, wataalamu wa mambo ya kale huuweka katika karne ya 15 au ya 16. Basi siku jiwe la kwanza la Dar es Salaam lilipowekwa, msikiti ule ulikuwa umekwisha zika vizazi vingi vya waumini wake. Ajabu ni kwamba aliyekuja nyuma amekuwa mwenyeji, na aliyetangulia amekuwa jirani wa mbali.

Mama yangu ni mzaliwa wa huko. Mimi nilizaliwa mjini nikasomea mjini, walakini likizo zangu zote za utoto nilizipeleka Kunduchi Pwani kwa bibi yangu, na mpaka leo pana mjomba wangu mmoja, mzee wa miaka themanini na zaidi, ambaye alivua katika maji yale tangu ujana wake mpaka miguu ilipomkataza. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba sikuyasoma yote vitabuni. Mengine niliyasoma vitabuni, nayo nitayatoa. Mengine niliyapata mkekani.

Magofu yako mbali kidogo na ufuko, chini ya mibuyu. Mgeni aliyezoea sifa za Kilwa, ambayo kwa uzuri wa majengo yake iliandikwa pamoja na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981, huenda akavunjika moyo. Hapa hapana jumba la sultani wala msikiti mkuu wenye makuba. Pana msikiti mdogo wa kijiji kidogo, kuta zake zimesimama kwa sehemu na kuanguka kwa sehemu, na pana makaburi. Makaburi ndiyo yanayoipa Kunduchi heshima yake. Mengi ni ya karne ya 18 na ya 19, yamezungushiwa kuta fupi zilizotiwa nakshi, na baadhi yake yana nguzo zilizosimama wima upande wa kichwani. Katika nguzo hizo waashi wa zamani walikaza bakuli za kaure zilizotoka Uchina, zikatazama nje kama macho. Penginepo bakuli lingalipo. Penginepo limevunjika pakabaki kigae. Penginepo pana shimo la duara tu, laini, linaloonyesha ukubwa wa kitu kilichong'olewa. Bibi yangu alikuwa na bakuli la kaure la kununua Kariakoo, akilitumia kwa uji wa Ramadhani, na nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini watu wa kale waliwapa wafu vyombo vyao vizuri. Alinijibu kwamba chombo kizuri hupewa mgeni asiyerudi. Sikuridhika na jibu lile wakati ule. Baadaye niliyasoma maelezo ya wenye elimu kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi na fahari ya matajiri wa pwani, na bado jibu la bibi naliona lina uzito wake.

Namna majengo haya yalivyojengwa inastahili kuelezwa kidogo, maana ndani yake imo habari yote ya kijiji. Jiwe la Kunduchi ni bahari iliyohama. Kwa kuta za kawaida walitumia jiwe gumu la miamba ya pwani, ambalo ni matumbawe ya zamani yaliyoachwa nchi kavu maji yalipopungua, lakini kwa kazi ya nakshi, kama mihrabu na mapambo ya makaburi, waliingia majini wakakata matumbawe mabichi. Tumbawe likiwa bichi ni laini, hukubali kisu na tezo. Likikaa juani hukauka likawa gumu. Fundi alikuwa na muda wake maalumu wa kufanya kazi, na muda ukipita jiwe halimsikilizi tena. Chokaa nayo ilitoka huko huko. Vipande vya matumbawe vilipangwa juu ya rundo la magogo, moto ukawashwa, na majivu yale meupe yakaachwa yapigwe na mvua na upepo kwa miezi kadhaa kabla ya kutumiwa. Boriti za dari zilikuwa mikoko ya mtoni. Hata upana wa vyumba katika majengo ya kale ya pwani hufuata urefu wa boriti ya mkoko, si matakwa ya mwenye nyumba. Mjomba alipata kuchoma chokaa katika ujana wake, naye husema kwamba tanuu huchaguliwa siku kwa upepo kama vile safari ya ngalawa.

Kazi ile haikufa, ilibadili ukubwa. Upande wa Mtongani, miamba ile ile ya matumbawe ya kale huvunjwa kuwa kokoto, na kwa miaka mingi kazi hiyo imekuwa ya wanawake wanaokaa chini ya kivuli cha gunia, nyundo mkononi, wakipima riziki kwa ndoo. Juu yao, katika kilima cha Wazo, kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1966, nacho hutafuna jiwe lile lile la chokaa. Ukipita mitaa ya Sinza au Mbagala ukaziona nyumba za matofali ya saruji zilizopangana pasipo mwisho, hukosi kuona ndani yake vumbi la Wazo na kokoto za Kunduchi. Mwaka 1967 mji ulikuwa na watu 270,000 hivi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Watu hao wote walihitaji ukuta na sakafu. Kijiji kilichosemwa kuwa pembezoni kimewalaza ndani ya mawe yake.

Na mchanga pia. Hili ni jambo ambalo wavuvi walilijua kabla ya wataalamu kuliandika. Ufuko hauumbwi na bahari peke yake. Mito midogo kama Tegeta na Mbezi huteremsha mchanga wakati wa masika, na mawimbi huusambaza pwani. Kila mwaka bahari hula kidogo na mto hurudisha kidogo, mizani ikakaa sawa. Mji ulipoanza kukua, malori yakaingia katika mabonde ya mito hiyo na kuchota mchanga wa kujengea, mto ukafika baharini mikono mitupu. Bahari haikubali kukosa chakula chake: iliigeukia nchi. Tangu miaka ya 1970 pwani hii ya kaskazini imekuwa ikiliwa, minazi ikaanguka, nyumba zikaanguka, na hata hoteli iliyojengwa kwa fahari ikaachwa ikawa gofu kabla haijatimiza umri wa mtu mzima. Nilipata kusimama na mjomba tukitazama kisiwa cha Mbudya, maji yakiwa mafu, naye akanyosha mkono mahali ambapo ngalawa zilikuwa zimetia nanga, akasema, “Pale ndipo palipokuwa na njia tuliyopita kwenda kwa fundi wa mitego.” Hapakuwa na huzuni katika sauti yake. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Nina sababu ya kuingiza hapa habari ya nchi ya mbali. Miaka kadhaa iliyopita nilipata kukaa majuma matatu katika kijiji kimoja kidogo cha Ufaransa ya kati, mgeni wa mwalimu mwenzangu. Kilikuwa kijiji cha mawe, chenye kanisa la kale, kisima, na banda la jiwe juu ya kijito, ambapo zamani wanawake walipiga magoti wakafua nguo. Banda lile halifuliwi nguo tena, lakini paa lake ni jipya na pembezoni mwake mmepandwa maua. Wafaransa wamezoea utunzaji huo. Tangu mwaka 1834 mwandishi Prosper Mérimée alipewa kazi ya kuizunguka nchi na kukagua majengo ya kale, na sheria yao kubwa ya kuyalinda ni ya tarehe 31 Desemba 1913. Nilitembea kijijini mle asubuhi nzima, nikahesabu watu saba, na aliye kijana miongoni mwao alikuwa mchukua barua. Shule ilikuwa imefungwa. Mwenyeji wangu aliniambia kwamba kila dirisha lenye rangi nzuri lilikuwa la mtu aishiye Paris, ajaye mwezi wa Agosti. Nikawaza Kunduchi, ambako watu hawana nafasi ya kupitisha bega na mawe ndiyo yanayoondoka, nikaona kwamba hakuna kati yetu sisi wawili aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake.

Lakini kitu kimoja mle kijijini nilikionea wivu. Mbele ya kanisa palikuwa na nguzo ya jiwe, na juu yake yamechongwa majina ya watu wa kijiji waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918, ukoo mmoja ukirudiwa mara tatu. Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina nguzo ya namna hiyo. Mkulima aliyekufa mbali na kwao alirudi kwao kwa herufi. Sisi nasi tulipigana vita vile vile katika ardhi hii, na wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Katikati ya mji wetu pana sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Ina bunduki, ina maandishi, na jina la mtu hata mmoja halimo.

Niliporudi nilimwendea mjomba na wazo langu. Jirani na magofu, nje ya eneo linalotunzwa na serikali, ukoo wa mama una kiwanja kilichogawanyika vipande viwili, cha juu na cha chini. Cha juu kilikuwa cha minazi. Cha chini ni mava ya ukoo. Hakina nguzo wala bakuli. Wazee wetu hawakuwa matajiri. Kaburi letu ni jiwe moja kichwani na moja miguuni, na penginepo mti: mwasumini, au mlangilangi, au mfuu uliojiotea. Asiyejua hupita juu yake akidhani ni kichaka. Nilimwambia mjomba kwamba tuchange fedha, tutie mawe ya saruji, tuandike majina. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatia tumbaku yake kinywani, akasema:

“Mwanangu, wewe una majina mangapi?”

Nikamtajia wale ninaowajua: bibi, babu, shangazi wa mama, na watoto wawili waliokufa wachanga. Watano.

“Huku chini wamelala zaidi ya arobaini,” akasema. “Ukiwaandika watano, hao wengine umewauza.”

Nilibishana naye. Nilimwambia kwamba jina ni ushahidi, na kwamba anayekuja na kamba ya kupimia viwanja hasikii hadithi, husoma kilichoandikwa. Yeye hakunikatalia hilo. Hoja yake ilikuwa nyingine, nami nilichukua siku nyingi kuitambua uzito wake. Kadiri kaburi lisilo na alama linavyofanana na majirani zake wote, ndivyo mtu anavyoogopa kuweka jembe popote. Tia alama machache, na utakuwa umemwonyesha mnunuzi mahali pa kupita.

Hapa sheria yenyewe haina msaada mkubwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ni sheria njema, na bila hiyo huenda hata nguzo za Kunduchi zisingalikuwapo. Lakini kila ulinzi hutaka mpaka, nayo iliuweka mpaka wake katika tarehe: majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886, na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kaburi la tajiri wa karne ya 18 limo. Bibi yangu, aliyezikwa hatua mia mbili kutoka hapo, hayumo. Wala tanuu ya chokaa ya mjomba haimo, wala maneno anayotumia kwa kila aina ya upepo na maji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nyumba ya kale kuliko zote kijijini. Mwanzo wa miaka ya 1960 haukupita mbali kabla mji wetu haujajijengea kijiji cha kuonyesha: Makumbusho ya Kijiji, yaliyoanzishwa mwaka 1966 kando ya barabara ya Bagamoyo, penye nyumba za makabila mbalimbali ya nchi, kila moja na kibao chake. Nimewapeleka wanafunzi huko mara nyingi na sijutii. Ila barabara ile ile ukiifuata kaskazini unafika kwenye kijiji ambacho hakikujengwa ili kitazamwe, na sijaona basi la shule likiendelea mpaka huko.

Mwishowe tulifanya jambo la tatu, lisilo la mjomba wala langu. Siku ya Jumamosi moja ya kaskazi, alfajiri, kabla jua halijawa kali, mjomba aliletwa mavani juu ya kiti cha plastiki, binamu zangu wawili wakimbeba. Mimi nilikuwa na daftari, kamba ya nailoni iliyofungwa fundo kila baada ya pima moja, na kijana wa darasa la sita ajuaye kuchora. Tulianza kwenye mbuyu. Mjomba alitaja, kijana akapima, mimi nikaandika: kutoka mbuyuni pima tatu kuelekea kibla, fulani binti fulani, aliyekuwa mkunga, pima moja kushoto, mumewe, pima mbili mbele, mtu aliyekuja kutoka Mafia na jahazi, akaugua, asijulikane jina, akazikwa kama wetu. Wengine aliwajua kwa jina na jina la baba. Wengine kwa kazi. Mmoja alimjua kwa ugomvi tu, akaueleza ugomvi wote, na tukacheka mavani, Mungu atusamehe. Palikuwa na mahali akanyamaza muda mrefu, akasema, “Huyu namjua,” asiseme zaidi, nami nikaandika maneno hayo hayo.

Makaburi arobaini na matatu. Kumi na moja hayana jina, lakini yana habari. Daftari lilinakiliwa mara tatu, moja kwa kila tawi la ukoo, na ardhi yenyewe haikuguswa: hapana jiwe lililoongezwa wala mti uliokatwa.

Kuhusu kiwanja cha juu, sikushinda wala sikutaka kushindana. Binamu zangu wana watoto shuleni, na uvuvi wa siku hizi hauwatoshi. Miaka mingi ya baruti iliyotupwa majini na watu wasiojali kesho iliyavunja matumbawe hai yaliyokuwa maficho ya changu na tasi, na anayetaka samaki sasa lazima aende mbali kwa mashine na mafuta ya fedha nyingi. Mimi mwenye mshahara wa kila mwezi nitasimamaje mbele yao niwahubirie urithi? Kikao kilikaa mara mbili, mnunuzi akaja, kiwanja cha juu kikauzwa. Minazi imekwisha katwa. Ukuta umekwisha jengwa, wa matofali ya saruji, mrefu kuliko mtu. Bila shaka saruji yake ni ya Wazo. Katika mkataba tuliandikisha kwamba watu wa ukoo watapita kandokando ya ukuta ule, upana wa hatua nne, ili jeneza lipite na wachukuzi wake pande zote mbili. Mnunuzi alitaka hatua mbili. Mjomba, ambaye siku ile alikuwa hajasema neno tangu chai, aliomba aletewe jeneza la msikitini, likaletwa, akawaambia vijana wanne walibebe mbele ya mnunuzi wapite baina ya viti viwili vilivyoachana hatua mbili. Hawakuweza.

Mnunuzi ni mtu mwungwana. Alicheka, akatia sahihi hatua nne.

Ninaandika haya katika mwezi ambao kusi imeanza. Njia ile ya hatua nne imekwisha ota majani, maana tangu ukuta ujengwe hajafa mtu katika ukoo. Kijana aliyetuchorea ramani yuko sekondari sasa, naye amekuja kwangu na swali ambalo sikulipatia jibu: je, wale wa nguzo, wenye bakuli za kaure, wao nao waliwahi kuwa na mtu wa kuwataja mmoja mmoja kutoka mbuyuni, na ni nani aliyekuwa wa mwisho kuwajua? Ameniomba kamba yenye mafundo. Ametaka kwanza apime umbali wa kila nguzo kutoka mbuyu mkubwa, kisha aende kwa wazee wa koo nyingine kabla ya Ramadhani, maana, alisema, mwezi wa mfungo wazee hulala mchana.

Nimempa kamba, na daftari jipya la kurasa mia mbili.